Nywele zinapungua, nisuke nini na ninyoe vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali wanayouliza watu wakishakaa kwenye kiti na kichwa kiko wazi, na nimeyajibu hapa vilevile ninavyoyajibu kwa mdomo. Mimi kazi yangu ni nywele, sio daktari, kwa hiyo pale mambo yanapokuwa ya ugonjwa nitakwambia wazi kwamba hapo msusi na kinyozi wameishia. Kitu kimoja ukishike tangu sasa: kuna nywele zinazopotea zikarudi na kuna zinazopotea moja kwa moja, na mara nyingi kinachotofautisha ni muda uliokaa bila kufanya chochote.

Nywele ngapi zikitoka kwa siku ni kawaida?

Kati ya 50 na 100. Kichwa kina nywele kama 100,000 hivi, kila moja inaota miaka kadhaa, inapumzika kama miezi mitatu, inadondoka, nyingine inaanza palepale. Sasa watu wengi wanashtuka siku ya kufumua, unakuta mtu amekaa na rasta wiki sita, anafumua anaona fundo kubwa la nywele mkononi anaanza kulia, jamani wiki sita ni siku 42, hata ukihesabu nywele 50 tu kwa siku hizo ni 2,100 ambazo zilishang'oka zamani ila zilikuwa zimeshikiliwa na msuko hazikuwa na pa kwenda. Hiyo peke yake isikutishe.

Kinachotakiwa kukustua ni haya: mstari wa katikati unazidi kuwa mpana, kibanio ulichokuwa unakizungusha mara mbili sasa kinazunguka mara tatu au nne, ngozi inaonekana ukisimama chini ya taa, panja zinarudi nyuma. Piga picha mara moja kwa mwezi, sehemu ileile, mwanga uleule, nywele zikiwa kavu na hazina kitu. Kioo cha kila siku hakikwambii ukweli maana macho yanazoea.

Nitajuaje kama zinakatika au zinang'oka?

Okota nywele chache zilizodondoka, ziweke juu ya kitambaa cheusi kama umezitia rangi ya mwanga, au karatasi nyeupe kama ni nyeusi, uzitazame karibu kabisa. Iliyong'oka kwenye mzizi ina kinundu kidogo cheupe upande mmoja, kama kichwa cha pini. Iliyokatika haina kinundu, ni fupi, na ncha zake zote mbili zimechanika. Ukiona nyingi ni vipande vifupi visivyo na kinundu basi tatizo ni moto wa pasi, dawa kali, blichi au kuchana zikiwa kavu, mzizi mzima uko hai chini na dawa yake ni kubadilisha unavyozishika. Ukiona vinundu vingi basi tatizo liko ndani zaidi, soma maswali yanayofuata.

Na hapa niseme, kale kanundu cheupe sio "mzizi umekufa" kama watu wanavyotishana, nywele yoyote iliyomaliza muda wake inatoka nacho.

Kwanini nywele zinapungua? Sababu ni nini hasa?

Ziko nyingi na mtu mmoja anaweza kuwa na mbili kwa pamoja, ndo maana mafuta yaliyomsaidia rafiki yako kwako yanaweza yasifanye kitu.

Ya kwanza ni ya kurithi. Homoni inayoitwa DHT inafanya vinyweleo, yaani vile vishimo ambamo nywele inaota, visinyae kidogo kidogo, kila mzunguko nywele inatoka nyembamba na fupi zaidi mpaka inakuwa kama manyoya ya mtoto. Kwa wanaume inaanzia kwenye panja na utosini, madaktari wana vipimo vyake vya hatua alivyoanza kuvipanga Hamilton mwaka 1951 na Norwood akavirekebisha 1975. Kwa wanawake mara nyingi mbele panabaki, ila katikati kunapungua na mstari unapanuka, na hiyo nayo ina hatua zake alizoziandika Ludwig mwaka 1977.

Ya pili ni mshtuko wa mwili. Homa kali, upasuaji, kujifungua, kufunga kula ili upungue haraka, msongo mkubwa, baadhi ya dawa. Nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja halafu zinadondoka miezi miwili au mitatu baadaye, kwa hiyo ukitafuta sababu usiangalie wiki iliyopita, rudi nyuma miezi mitatu jiulize kulitokea nini.

Ya tatu ni kuvutwa, kusuka kwa kukaza, na hii nitaieleza kwa kirefu chini kwa sababu ndo tunayoweza kuizuia kabisa. Halafu kuna upungufu wa madini ya chuma hasa kwa wanawake wanaotoka damu nyingi ya mwezi, matatizo ya tezi ya shingo, kutokula protini ya kutosha, mapunye, kinga ya mwili kushambulia nywele yenyewe (hapo unaona duara laini kabisa lisilo na nywele hata moja), na magonjwa yanayoacha kovu.

Ni kweli upara unarithiwa kwa mama tu?

Hapana. Kuna jeni moja muhimu ipo kwenye kromosomu ya X ambayo mwanaume anaipata kwa mama, hapo ndo maneno yalipoanzia, lakini kuna jeni nyingine nyingi na zinatoka pande zote mbili. Baba mwenye upara nae anahesabika.

Nimejifungua na nywele zinatoka kwa mafungu, nifanye nini?

Mara nyingi usifanye kikubwa. Wakati wa ujauzito homoni zinazishikilia nywele zisidondoke, ukishajifungua zile zote zilizochelewa zinaondoka kwa pamoja, wengi inaanza mtoto akiwa na miezi kama mitatu, na kwa kawaida hali inarudi yenyewe kabla mtoto hajafikisha mwaka au karibu na hapo. Dada kula vizuri, usizibane sana, na usikimbilie kusuka rasta nzito ili kuficha mbele, maana hapo ndo unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza ambalo lilikuwa linapita. Kama mwaka umeisha na bado zinatoka, kapime damu na tezi.

Nywele za mbele zimeisha kwa kusuka. Zitarudi?

Hili ndo swali linaloniuma kuliko yote kwa sababu jibu linategemea umekuja lini.

Ngoja nieleze inavyokuwa. Mtu anasukwa, usiku halali, kichwa kinauma anameza panadoli, ngozi ya paji la uso imevutwa mpaka nyusi zimepanda, anaambiwa vumilia kesho italegea. Kesho yake ukiangalia kwa karibu kwenye mashina ya msuko unaona vipele vidogo vyenye vichwa vyeupe na ngozi imeinuka kama kahema. Hapo kinyweleo kimekasirika. Akifumua vinapona, anakaa siku mbili anasuka tena palepale. Inaenda hivyo miaka, nywele za panja zinakuwa nyembamba, zinakuwa fupi, halafu zinakuwa hazipo. Na dalili moja ukiiona utaijua: pale mwanzo kabisa wa paji la uso kunabaki mstari mwembamba wa vinywele vifupi ambavyo havikuwahi kushikwa na msusi kwa sababu ni vifupi mno, nyuma yake kuna sehemu tupu, halafu ndo nywele zinaanza. Huo mstari unaonyesha wazi kilichotokea ni kuvutwa.

Sasa, kama sehemu tupu bado ina vinywele laini ukipitisha kidole, na ukiitazama unaona vitundu vidogo vya ngozi kama kawaida, matumaini yapo makubwa, acha kuvuta kabisa, toa miezi sita mpaka mwaka. Kama ngozi imekuwa laini inang'aa haina kitundu hata kimoja, hapo kuna kovu, hakuna mafuta wala dawa ya kupaka itakayoamsha kinyweleo ambacho hakipo tena, linabaki suala la kupandikiza au mtindo wa kuficha. Nasema hivi sio kumvunja mtu moyo, nasema ili aliyeko hatua ya kwanza aache leo.

Na kitu kinachozidisha ni kuchanganya, nywele umeitia dawa ya kulainisha wiki hii halafu wiki ijayo unaisukia rasta. Nywele yenye dawa ni dhaifu, haivumilii mzigo.

Kwa hiyo nisuke mtindo gani kama nywele zangu ni chache?

Cha kwanza, pumzisha mbele. Mwambie msusi aache nywele za mbele na panja nje ya msuko, au asizishike kabisa zile fupi. Akisema "haitapendeza" mwambie ndivyo unavyotaka, kichwa ni chako.

Rasta zile zinazoanza na nywele yako mwenyewe halafu rasta inaongezwa taratibu, zile zisizo na fundo, zinavuta kidogo kuliko zile zenye fundo kwenye shina. Lakini isiwe ndo ruhusa ya kusuka ndefu mpaka kiunoni, uzito ni uzito. Kanuni ninayotumia ni kwamba msuko mmoja usibebe rasta nyingi kuliko nywele yenyewe iliyoshika, kwa hiyo nywele nyembamba inapata rasta chache na fupi, mabegani inatosha. Na usikate visanduku vidogo sana, kadri msuko unavyokuwa mdogo ndivyo nywele chache zinabeba mzigo, halafu ngozi inaonekana zaidi, mtu aliyekuja kuficha anatoka akiwa ameonyesha.

Mistari ya chini, kama twende kilioni, ni mizuri ikilegezwa mbele, ila kwa mtu ambaye katikati pamepungua mistari iliyonyooka kwenda nyuma inaonyesha ngozi yote. Bora mistari ya kuzunguka au ya upande inayopita juu ya sehemu iliyopungua. Vibutu vikubwa vilivyolegea, nywele za kusokotwa mbilimbili bila kuongeza chochote, hivi ndo vitu vya kila wiki vya mtu anayetaka nywele zake zipone. Kubana nyuma kwa kibanio kimoja kila siku sehemu ileile ni kuvuta pia, hata kama hujasuka.

Muda: wiki nne mpaka sita, usizidishe nane, na kati ya msuko na msuko kaa hata wiki mbili kichwa kiko huru.

Na kipimo rahisi, ukimaliza kusukwa inua nyusi, cheka, tikisa kichwa. Kikiuma, umekazwa. Fumua ile ya mbele siku hiyohiyo, hata kama umekaa kwenye kiti kwa muda wa saa sita. Panadoli inaondoa maumivu tu, nywele inaendelea kuvutwa.

Wigi je, na kushonea wiving?

Wigi lisilo na gundi ndo rafiki mkubwa wa mtu mwenye nywele zinazopungua, unalivaa unatoka unalivua usiku. Shida inakuja na gundi kwenye nywele za mbele, vile vibanio vya chuma vinavyong'ata sehemu ileile kila siku, na ile soksi ya naironi inayovaliwa chini ya wigi, inayosugua panja. Tafuta ya satini au weka kitambaa laini chini. Wiving ya kushonea shida yake ni mistari ya chini inayokazwa sana ili ibebe nyuzi zote zile, halafu watu wanakaa nayo miezi mitatu ngozi haijaona maji. Wiving ya kubandika kwa gundi moja kwa moja kwenye nywele sikushauri hata kidogo.

Niendelee kuweka dawa ya kulainisha?

Kama mbele au utosini pamepungua, acha. Dawa hizi ni kali kiasi cha kuvunja vifungo ndani ya nywele, ndo zinavyofanya kazi, na zikigusa ngozi yenye mikwaruzo zinaunguza. Asiyeweza kuacha basi aritachi, yaani aweke dawa kwenye mashina mapya tu, kila baada ya wiki nane mpaka kumi na mbili, asipitishe kwenye zilizokwisha nyooka, asikune kichwa siku chache kabla, na ikianza kuwaka aoshe palepale asisubiri "ishike".

Dredi zinapunguza nywele?

Dredi zenyewe hapana. Kinachopunguza ni kuzisokota mashina kila wiki na uzito zikishakuwa ndefu. Ukiona shina limekuwa jembamba kuliko dredi lenyewe, zikate fupi ziwe nyepesi, na panja usizisokote mara kwa mara. Kuziunganisha mbili dhaifu kuwa moja nayo inasaidia.

Utosi unawasha, unachoma, na nywele zimeanza kutoka duara katikati. Ni mba?

Inaweza isiwe mba na hapa naomba usichelewe. Kuna ugonjwa unaoanzia katikati ya utosi na kusambaa kuelekea nje, unawapata zaidi wanawake weusi, na unaharibu kinyweleo unaacha kovu. Wengine wanasikia muwasho, moto au maumivu ukigusa, wengine hawasikii kitu, wanaona tu nywele za utosini zinakatika fupi fupi kila mwaka zaidi. Zamani lawama zote zilitupiwa pasi ya moto na dawa, lakini mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba kuna wanaobeba mabadiliko kwenye jeni inayoitwa PADI3, yaani kuna urithi ndani yake. Kwa hiyo kama mama yako na shangazi zako wote utosi umeenda, usiseme ni uzee. Nenda kwa daktari wa ngozi, anaweza kuchukua kipande kidogo sana cha ngozi akakipima, na dawa zake kazi kubwa ni kusimamisha usisambae, zilizokwisha potea mara nyingi hazirudi.

Mimi mwanaume, panja zimerudi nyuma. Ninyoe vipi?

Fupi. Karibu kila mara jibu ni fupi, na sababu yake ni kwamba kinachofanya upara uonekane ni tofauti kati ya sehemu yenye nywele nyingi na sehemu isiyo nazo. Ukiacha pembeni kumejaa na juu ni kwepesi, macho yanaenda juu moja kwa moja. Ukipunguza pembeni kwa fedi (nywele zinafupishwa taratibu kadri zinavyoshuka) ya chini au ya kati halafu juu ukaacha sentimita moja hivi, pembeni panakuwa pepesi kuliko juu na juu panaonekana pana nywele.

Panja zikirudi kidogo, usimruhusu kinyozi akuchonge laini ya mbele kwa kuisogeza nyuma ili iwe mraba. Kila wiki inarudi nyuma milimita mbili, na mstari ule mkali unawaonyesha watu pa kutazama. Acha laini ya asili isafishwe tu. Na ile ya kupaka rangi nyeusi kwenye laini inapendeza siku mbili, siku ya tatu jasho linashuka nayo.

Utosi ukishaanza kuonekana shusha kichwa kizima namba moja au nusu, ukipenda acha ndevu zijae kidogo, uso unapata uzito chini. Ukifika hatua ambayo juu kumebaki visiwa, nyoa kipara kabisa kaka, hakuna kilichopotea, wengi wanapendeza kuliko walivyokuwa wanang'ang'ania. Kuchukua nywele ndefu za upande mmoja kuzilaza juu kufunika katikati hakufichi, upepo ukija mambo yote nje. Kipara kinaungua jua, vaa kofia au paka mafuta ya kuzuia jua.

Wenye nywele laini zilizonyooka, nao fupi, ila juu wanaweza kuacha ndefu kidogo zenye ncha zilizovurugwa, bila jeli ya kung'aa maana jeli inakusanya nywele mafungu na ngozi inatokea katikati yake.

Kunyoa mara kwa mara kunafanya ziote nene?

Hapana. Wembe unakata juu, kinyweleo kiko chini hakijui kama umenyoa. Nywele inayochomoza inaonekana ngumu kwa sababu ncha yake ni butu. Hili lilipimwa zamani sana, mwaka 1928, na jibu lilikuwa hilohilo.

Nina vipele vya kisogoni kila nikinyoa.

Hivyo vikiachwa vinakuwa makovu magumu yaliyoinuka na nywele hazioti tena pale. Vinawapata sana wanaume wenye nywele za kujikunja. Mwambie kinyozi asikushushie mashine mpaka kwenye ngozi kisogoni, asitumie wembe pale, asafishe mashine kwa spiriti kabla hajakugusa, na usivitumbue. Vikiwa vingi au vinatoa usaha muone daktari mapema, vikishakuwa vigumu vinasumbua sana.

Mwanamke mwenye nywele nyembamba zilizonyooka akate vipi?

Ncha zote sawa, urefu wa kidevuni au mabegani. Ngazi nyingi zinaondoa ujazo chini. Mstari wa kugawa uhamishe upande mwingine kila baada ya siku kadhaa, au uupindepinde badala ya kuugawa umenyooka, ngozi haionekani sana. Kama paji la uso limepanda, kata nywele chache za mbele zishuke, lakini chukua kidogo maana hizo zinatolewa juu ambako tayari ni chache. Rangi inayokaribia rangi ya ngozi ya kichwa inapunguza utofauti, ila blichi kwenye nywele dhaifu hapana.

Ile poda ya kuficha ngozi inafanyaje kazi?

Ni vinyuzi vidogo vya keratini, yaani protini ileile inayojenga nywele, vyenye rangi, vinashika kwenye nywele zilizopo vinazinenepesha. Nyunyiza nywele zikiwa kavu kabisa, gonga kopo taratibu sio kumwaga, papasa kwa kiganja, kisha spirei ya kushikilia. Pasipo na nywele kabisa haishiki. Usiku osha.

Mafuta ya mnyonyo, rozmeri, juisi ya kitunguu, vipi?

Mafuta ya mnyonyo na nazi yanasaidia nywele isikatike, yanapaka utelezi na kushika unyevu, hayaoteshi nywele mpya. Rozmeri ilifanyiwa utafiti mdogo mwaka 2015 kwa watu 100, ikalingana na minoksidili ya asilimia 2 (dawa ya kupaka, nitaieleza chini) baada ya miezi sita, ila hapakuwa na kundi la watu ambao hawakupaka chochote, kwa hiyo sio ushahidi wa kuuzia chupa. Kitunguu kilijaribiwa kwa wale wenye maduara ya kinga ya mwili, ambayo mengi yanarudi yenyewe, sio kwa upara wa kurithi, na kinaunguza ngozi ya wengine. Ukitaka kupaka mafuta, yachanganye mepesi, jaribu kwanza nyuma ya sikio, na kama una mba acha mafuta mazito maana yanaizidisha.

Vidonge vya biotini, ile vitamini ya kundi B?

Kama huna upungufu wake, na watu wengi hawana, usitegemee kitu. Halafu kuna hatari watu hawaijui: biotini nyingi inaharibu majibu ya vipimo vya damu, vya tezi na hata kile cha kuangalia mshtuko wa moyo, mamlaka ya dawa ya Marekani FDA ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2017. Ukienda kupima sema unakunywa. Vitamini A na seleniamu zikizidi zenyewe zinanyonyoa nywele, kwa hiyo kuchanganya makopo matatu ya "vitamini za nywele" kunaweza kukurudisha nyuma. Chuma pia, pima kwanza ndo unywe.

Minoksidili inafanya kazi kweli?

Kwa nywele zinazopungua kwa kurithi, ndiyo, kwa wengi. Ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele mwilini, ndo ikatengenezwa ya kupaka na FDA ikaipitisha mwaka 1988 kwa wanaume. Inapakwa kwenye ngozi, sio kwenye nywele, ngozi ikiwa kavu. Hata ukiwa umesuka unaweza kupaka kwenye mistari.

Watu wanaiacha kwa sababu mbili. Wiki za kwanza nywele zinadondoka zaidi, zile za zamani zinasukumwa na mpya, mtu anaogopa anatupa chupa. Na matokeo yanachukua miezi minne mpaka sita, mwaka ndo unajua kama inakufaa. Ukiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi kadhaa, kwa hiyo ni kitu cha kuamua kama utakiendeleza.

Muwasho ukiwa mkubwa jaribu ya povu. Nawa mikono, isishukie usoni maana inaotesha nywele usoni. Mjamzito na anayenyonyesha asitumie. Moyo ukienda mbio au kizunguzungu, acha umuone daktari. Na kama unafuga paka nyumbani kuwa makini sana, dawa hii inaweza kumuua hata kwa kulamba mto uliolalia.

Na finasteridi?

Kidonge cha miligramu 1 kwa wanaume, kilipitishwa 1997, kinapunguza DHT. Ni cha kuandikiwa na daktari. Baadhi wanapata kupungua kwa hamu au nguvu za tendo la ndoa, na wengine huzuni, kwa hiyo usikinunue kimyakimya. Mwanamke mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika, kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na kinashusha kipimo cha tezi dume PSA kwa kama nusu, mwambie daktari anayekupima.

Kupandikiza nywele?

Zinatolewa kisogoni zinapandwa mbele, zako mwenyewe. Zilizopandwa zinadondoka wiki za mwanzo, zinaota tena, matokeo unayaona baada ya miezi tisa mpaka kumi na mbili. Kama upara bado unaendelea na hutumii dawa, zitabaki zilizopandwa na nyuma yake kutatoboka. Mwenye kovu la ugonjwa lazima ugonjwa uwe umetulia kwanza. Na mwenye historia ya makovu yanayovimba aseme mapema kabla hajalala mezani.

Niache kuosha ili zisitoke?

Usiache. Zinazotoka bafuni zilishang'oka. Osha kila wiki moja au mbili kwa nywele za kipilipili, mara nyingi zaidi kwa laini zenye mafuta, weka kondishna, chana zikiwa na utelezi kwa chanuo la meno mapana kuanzia ncha kupanda juu. Lala na kitambaa cha satini ambacho hukukikaza kwenye paji la uso.

Hijabu au kofia inanyonyoa?

Kufunika hakunyonyoi. Kubana nywele kwa nguvu chini yake kila siku, au kuzifunga zikiwa mbichi, ndo kunaharibu. Legeza, badilisha mahali pa kubania, ukifika nyumbani fungua.

Mtoto wangu ana madoa yasiyo na nywele yenye magamba.

Uwezekano mkubwa ni mapunye. Krimu peke yake haiyamalizi kwa sababu fangasi wako ndani ya nywele, anahitaji dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa. Vitana, mashine na taulo visitumike na wengine. Na mtoto mdogo asisukwe kwa kukazwa mpaka analia, panja zake ndo zinaanza maisha.

Natakiwa kuanza dawa za saratani, nifanyeje na nywele?

Sio dawa zote za saratani zinazonyonyoa, muulize daktari yako ni ipi. Kama ni ya kunyonyoa, wengi wanapata nafuu wakikata fupi kabla, inakuwa uamuzi wao. Chagua wigi wakati nywele bado zipo ili lifanane. Baada ya matibabu huanza kuota ndani ya mwezi mmoja mpaka mitatu, wakati mwingine na mkunjo tofauti kabisa. Mwaka wa kwanza usiweke dawa ya kulainisha wala rasta.

Lini niache kujaribu niende kwa daktari wa ngozi?

Ukiona duara tupu limetokea ghafla, kichwa kinauma au kinachoma au kinatoa usaha, ngozi inang'aa, nyusi nazo zinatoka, nywele zinadondoka sana zaidi ya miezi sita, au unapungua nywele huku mwezi umevurugika na ndevu zinaota na wewe ni mwanamke. Siku ya kwenda fumua kila kitu, osha, usipake poda wala mafuta mazito, usiweke wigi la gundi. Beba zile picha zako za kila mwezi, orodha ya dawa na vidonge vyote unavyokunywa hata vya "asili", na tarehe za homa, uzazi au upasuaji wa mwaka uliopita. Muombe aangalie utosi, panja na kisogo, maana wengine wanaangalia pale ulipoonyesha kidole tu.